Jua na Chapeo katika Milima ya Kangema

Msafiri atokaye mji wa Murang'a na kupanda kuelekea magharibi, akivuka mito iteremkayo kutoka msitu wa Nyandarua, afikapo Kangema aghalabu huwa amekwisha kuvaa koti. Na akiendelea kupanda hadi Kanyenyaini na Tuthu, ambako mashamba ya chai hukoma na msitu huanza, huenda akakuta ukungu umetanda tangu alfajiri, manyunyu ya mwezi wa Julai yakianguka pasipo haraka, na wazee wameketi karibu na moto wakiuliza jua litatoka lini. Katika nchi ya namna hii, ambayo watu wake wamezoea kuiogopa baridi kwa ajili ya kichomi na kikohozi cha watoto, ni shida kumwambia mtu kwamba jua laweza kuwa hasimu yake, maana yeye hulingoja jua kama mgeni wa heri, na likitoka huutoa mwili wake nje ili upate uvuguvugu.

Walakini joto na madhara ya jua ni mambo mawili mbalimbali. Joto hufuata hewa na upepo, ilhali miali ya urujuanimno, ambayo jicho haliioni wala ngozi haiihisi, hufuata kimo cha jua mbinguni na wembamba wa hewa iliyo juu ya mtu. Kangema iko chini ya digrii moja kusini mwa ikweta, hata mwezi wa Machi na mwezi wa Septemba jua la adhuhuri hupita juu ya utosi. Vilima vyake vimeinuka kati ya mita 1,500 na zaidi ya mita 2,000 kutoka usawa wa bahari. Na Shirika la Afya Duniani lafundisha kwamba kwa kila mita 1,000 apandazo mtu, miali hiyo huzidi kwa takriban asilimia 10, na kwamba mawingu mepesi yaweza kupenyeza hadi asilimia 80 yake. Katika kipimo cha miali kilichokubaliwa na shirika hilo, kuanzia 3 mtu hupaswa kujikinga, na kuanzia 11 ni daraja la hatari iliyokithiri. Nyanda za juu za ikweta hulifikia daraja hilo adhuhuri, na mara nyingi huipita hiyo 11, hata siku ambayo mchuma chai amejifunga leso mbili kwa ajili ya upepo.

Nimeweka mbele maelezo haya kwa sababu pasipo hayo historia ninayotaka kuisimulia haitafahamika. Ni historia ya kinga ya jua katika milima hii: nani aliipata, nani aliikosa, na kwa nini chapeo, ambayo ilifika Kangema mwanzoni mwa karne ya ishirini juu ya vichwa vya watu walioiogopa hatari isiyokuwako, ilichukua zaidi ya miaka 100 kuwafikia wale ambao jua lilikuwa likiwaua kwa hakika.

Kabla ya wageni kuja, Wakikuyu wa upande huu walivaa ngozi za mbuzi zilizolainishwa, mwanamke akifunika mabega na mgongo kwa joho lake na kiuno kwa sketi ndefu, na mwili ukapakwa mafuta ya mbarika yaliyochanganywa na udongo mwekundu. Sisemi kwamba wazee walifanya hivyo kwa kuogopa maradhi ya ngozi. Walifanya kwa uzuri, kwa ibada, na kwa kujikinga na baridi. Lakini udongo mwekundu una kutu ya chuma ndani yake, na kutu hiyo huzuia sehemu ya miali ya jua. Na joho la ngozi ni kivuli ambacho mtu hutembea nacho. Fauka ya hayo, mashamba ya zama zile yalikuwa yamechanganyika na miti, na mkulima wa viazi vikuu na ndizi hakuwa mbali na kivuli wakati wowote wa mchana.

Mwishoni mwa karne ya kumi na tisa alifika Mwingereza aitwaye John Boyes, mfanyabiashara wa vyakula na mtu wa vituko vingi, akakaa kwa Karuri wa Gakure huko Tuthu, na baadaye akatoa kitabu mwaka 1911 akijiita mfalme wa Wakikuyu. Nyuma yake ilikuja serikali, ikajenga ngome yake na kuiita Fort Hall kwa jina la Francis Hall, afisa aliyefariki mwaka 1901. Na nyuma ya serikali zikaja dini. Tarehe 29 Juni 1902, siku ya Mitume Petro na Paulo, mapadri wa shirika la Consolata, ambalo Giuseppe Allamano alikuwa amelianzisha mjini Torino mwaka mmoja tu uliotangulia, walisoma misa yao ya kwanza katika boma la Karuri. Walikuwa Filippo Perlo na Tommaso Gays, pamoja na mabruda Luigi Falda na Celeste Lusso. Kabla ya mwaka 1903 kwisha, masista wa Cottolengo nao walikuwa wamefika nchini, na kazi yao ya kila siku ilikuwa kuosha na kufunga vidonda. Vidonda hivyo nitavirudia, kwa kuwa vina sehemu kubwa katika habari hii.

Mzungu wa zama zile, awe padri, mlowezi au afisa, hakuthubutu kutoka nje ya mlango kichwa wazi. Alivaa chapeo nene iliyotengenezwa kwa moyo mwororo wa mmea wa sola uotao katika vinamasi vya Bara Hindi, ama kofia pana ya manyoya yaliyoshindiliwa tabaka mbili. Na walowezi wengi wa nyanda za juu za Kenya walishona ndani ya shati kitambaa kinene, mara nyingi chekundu, kufunika uti wa mgongo. Matabibu wao waliamini kwamba jua la ikweta lina miali ya siri ipenyayo fuvu la kichwa na kuuharibu ubongo na mishipa ya fahamu, kwamba humtia mtu wazimu, humlegeza mwanamke na kumdumaza mtoto. Na katika nyumba zilizoezekwa kwa mabati wako waliowaamuru watoto wao wabaki na kofia hata mezani, wasije wakachomwa kupitia paa.

Imani hiyo ilikuwa na mwalimu wake. Charles Woodruff, daktari wa jeshi la Marekani aliyetumika Ufilipino, alitoa kitabu mwaka 1905 juu ya athari za nuru ya nchi za joto kwa watu weupe, na kitabu chake kikasomwa kila mahali palipokuwa na walowezi. Jeshi lenyewe likaamua kujaribu: askari huko Ufilipino wakavalishwa nguo za ndani za rangi ya machungwa na nyekundu, na ilipofika mwaka 1910 ikatangazwa kwamba hazikuwa na faida yoyote. Pamoja na hayo chapeo iliendelea kutawala kwa zaidi ya kizazi kimoja, mpaka askari wa vita vikuu vya pili walipopigana Burma na Afrika ya Kaskazini kwa kofia nyepesi na wasipatwe na wazimu. Baada ya hapo walowezi nao wakaiweka chapeo kando, wengi wao wakatembea kichwa wazi, na jua likaanza kudai haki yake kwenye masikio na pua zao.

Kwa maana kofia ilikuwa sahihi. Sababu ndiyo iliyokuwa potofu. Wakati Woodruff alipokuwa akiandika juu ya ubongo, waganga wachache wa Ulaya walikuwa wamekwisha kuitazama ngozi. Paul Unna wa Hamburg alieleza mwaka 1894 habari za ngozi ya mabaharia, namna inavyokauka, kuwa ngumu na mwisho kuota saratani mahali palipokutana na jua na upepo. Na William Dubreuilh wa Bordeaux akayaona hayohayo kwa watu wa mashamba ya mizabibu, wanaume na wanawake walioinama mchana kutwa, shingo zikiwa nje. Mwaka 1928 George Findlay akathibitisha London kwamba panya wakimulikwa kwa miali ya urujuanimno hupata saratani ya ngozi. Elimu hiyo ilikuwapo basi, imechapishwa na kusomwa, miaka ileile ambayo mashule ya misheni yalikuwa yakijazwa watoto kutoka Weithaga hadi Tuthu. Walakini hapakuwa na mtu aliyeona kwamba yawahusu watoto hao, kwa sababu ilichukuliwa kuwa Mwafrika na jua ni marafiki wa kuzaliwa.

Kwa Waafrika wengi ilikuwa kweli kwa kiasi kikubwa, maana melanini, rangi iliyomo katika ngozi nyeusi, ni kinga ambayo Mwenyezi Mungu amewajalia watu wa nchi za jua. Lakini katika kila kizazi, katika milima ya Kangema kama katika Afrika ya Mashariki yote, huzaliwa watoto ambao miili yao haiwezi kuitengeneza rangi hiyo. Baba na mama, wote wawili wakiwa weusi na wazima, wanaweza kubeba kila mmoja nusu ya urithi huo pasipo kujua, na kila wapatapo mtoto kuna nafasi moja katika nne kwamba atazaliwa na ualbino. Mama amebeba nusu na baba amebeba nusu. Hata hivyo, kwa miaka mingi, lawama yote ilimwangukia mama, na nyumba nyingi zilivunjika kwa kosa ambalo halikuwa la mtu yeyote.

Mtoto huyo ndiye aliyehitaji chapeo. Na hebu tutazame mabadiliko ya zama zile yalimfanyia nini. Joho la ngozi na udongo mwekundu vilihesabiwa kuwa alama za ushenzi, vikaachwa. Mahali pake pakaja shati fupi la pamba na kaptula, au gauni lisilo na mikono. Kofia ilikuwa vazi la bwana, na adabu ya kikoloni ilimtaka Mwafrika aivue mbele ya Mzungu, kama vile mwanaume avuavyo kanisani mpaka leo; shuleni sare ilikuwa na kila kitu isipokuwa kofia, na mtoto aliyeingia gwarideni nayo aliamriwa aiweke chini. Asubuhi husimama mstarini, saa nne hutoka kucheza, adhuhuri hurudi nyumbani kwa miguu, na jioni huenda shamba pamoja na mama yake. Kwa kuwa ualbino hudhoofisha macho pia, huketishwa karibu na dirisha ili aone ubao vizuri, na jua humpata hata darasani. Watu waliomwekea utaratibu huo hawakumtakia mabaya. Ila hawakumfikiria, na jambo la kutofikiriwa limeharibu maisha mengi kuliko uadui.

Kisha ikaja chai. Baada ya mpango wa Swynnerton wa mwaka 1954, uliowaruhusu wakulima Waafrika kupanda mazao ya biashara kwa wingi, na baada ya kuundwa kwa mamlaka ya mazao maalumu mwaka 1960, ambayo mwaka 1964 iligeuka kuwa Mamlaka ya Maendeleo ya Chai ya Kenya, miteremko ya juu ya Kangema ilifyekwa ikawa kijani kimoja kisichokatizwa. Sina neno baya juu ya chai. Imesomesha watoto wa wilaya hii, imeezeka nyumba zake, na imelisha wazee wake. Lakini kichaka cha chai hufika kiunoni, na mchumaji husimama wazi tangu asubuhi mpaka kapu lijae, mikono imenyoshwa mbele, kisogo kimeelekezwa juu. Saa zake za kazi hukumba zile saa ambazo matabibu wa ngozi huzihesabu kuwa mbaya kabisa, yaani tangu saa nne asubuhi hadi saa kumi alasiri. Mtu mwenye ualbino aliyezaliwa katika familia ya chai, asipokuwa na ada ya kuendelea na masomo, hana kazi nyingine ila hiyo. Yale aliyoyaona Dubreuilh katika mizabibu ya Bordeaux yalikuwa yamepata uwanja mpya, na juu ya ngozi zisizo na kinga hata ndogo.

Waganga Waafrika ndio walioanza kuyahesabu madhara hayo. A. N. Okoro wa Nigeria aliandika mwaka 1975 kwamba miongoni mwa watu wenye ualbino aliowachunguza, hakuona hata mmoja aliyevuka miaka 20 ambaye ngozi yake ilikuwa haina saratani wala dalili za kuitangulia. Mwaka 1985 Jeff Luande wa Dar es Salaam, pamoja na Claudia Henschke na mwenzao mwingine, walitoa habari za watu 350 wenye ualbino waliowatazama mjini humo: ngozi zilianza kuharibika katika miaka ya kwanza ya utoto, saratani kubwa zilionekana katika ujana, na wenye umri wa makamo walikuwa wachache mno. Mtu aisomapo taarifa ile kwa utulivu hutambua kwamba uchache huo si wa kuzaliwa. Walizaliwa kama wengine, walikwisha njiani.

Mimi huona kuwa taarifa ya Dar es Salaam ilistahili kusomwa katika kila baraza la chifu, Kenya na Tanzania, mwaka uleule. Haikusomwa. Habari zilizosambaa zilikuwa za uganga na mauaji ya watu wenye ualbino, ambayo kwa hakika yalistahili kulaaniwa. Lakini jua, ambalo huua polepole na pasipo kelele, lilibaki bila kutajwa. Afueni ilianza Moshi, ambako chuo cha mafunzo ya tiba ya ngozi kilifunguliwa mwaka 1992 katika hospitali ya KCMC, kikaanza kufundisha matabibu wasaidizi kutoka nchi nyingi za Afrika, na kupeleka kliniki za kutembea vijijini ili kuwachunguza watu wenye ualbino pale wanapoishi; na hapohapo baadaye yakaanza kutengenezwa mafuta ya kukinga jua yaitwayo Kilisun, yaliyochanganywa kwa ajili ya ngozi hizo na hali hii ya hewa, yakagawanywa bure.

Upande wa Kenya mwamko ulitoka kwa wenyewe. Isaac Mwaura alianzisha Chama cha Ualbino cha Kenya mwaka 2006, kabla hajawa mbunge, na Jaji Mumbi Ngugi alikuwa miongoni mwa walioweka msingi wa taasisi nyingine ya Afrika ya Mashariki kwa kusudi hilohilo. Wakaililia serikali kwamba mafuta ya kukinga jua si kipodozi bali ni dawa, na katika bajeti ya mwaka 2011 na 2012 serikali ikatenga shilingi milioni 100 kwa mpango unaosimamiwa na Baraza la Kitaifa la Watu Wenye Ulemavu, wa kugawa mafuta hayo, dawa za midomo, kofia na nguo za kujikinga, na kusaidia matibabu. Mwezi wa Desemba mwaka 2014 Umoja wa Mataifa ukaitenga tarehe 13 Juni kuwa siku ya kuufahamisha ulimwengu habari za ualbino. Na katika sensa ya mwaka 2019, kwa mara ya kwanza, Kenya iliwahesabu raia wake wenye ualbino, ikapata watu 9,729. Idadi hiyo yanigusa kila niionapo, kwa kuwa mtu hawezi kupangiwa dawa kabla ya kuhesabiwa, na nchi iliyopata uhuru mwaka 1963 ilichukua zaidi ya nusu karne kuwauliza.

Nimesema kwamba nitarudia vidonda. Wale masista wa mwaka 1903 waliofunga miguu ya watu walikuwa, pasipo kujua, wakiiangalia njia nyingine ambayo saratani ya ngozi humjia mtu mweusi, njia isiyopitia juani kamwe. Jean-Nicolas Marjolin wa Paris aliandika mwaka 1828 juu ya vidonda viotavyo juu ya makovu, na jina lake limebaki kwa saratani ya namna hiyo. Katika nyumba ya mviringo yenye mafiga matatu katikati, mtoto alitambaa, akaanguka motoni, akapona kwa kovu pana gotini au begani. Kovu likapasuka na kupona, likapasuka tena, miaka 20, miaka 30, mpaka siku moja likaota nyama iliyovimba kando na kuvuja damu. Kadhalika kidonda ndugu cha muundi, kile ambacho mtu huzoea kuishi nacho na kukifunga kitambaa kila asubuhi kabla ya kwenda shamba, kikidumu miaka mingi chaweza kugeuka saratani. Watu husema, ni kidonda changu cha zamani. Na huo uzamani, ambao kwao ni sababu ya kutulia, kwa tabibu ni sababu ya kutia shaka.

Kuna na nyayo. M. G. Lewis, aliyefanya kazi Uganda, aliandika mwaka 1967 juu ya melanoma, saratani ya seli zitoazo rangi, akaonyesha kwamba kwa Waganda maradhi hayo huangukia zaidi unyayo wa mguu, mahali ambapo rangi ya ngozi ni hafifu na ambapo watu waliotembea peku walikuwa na madoa meusi mengi. Ulimwengu uliupata ukweli huo kwa huzuni tarehe 11 Mei 1981, alipofariki Bob Marley, ambaye melanoma yake ilianzia chini ya ukucha wa kidole kikubwa cha mguu na ilidhaniwa kwanza kuwa jeraha la mpira. Katika Murang'a, ambako funza na miiba vimewatesa watu vizazi kwa vizazi, doa jeusi la unyayoni halimshtui mtu; huchokolewa kwa pini, hupakwa dawa ya kienyeji, na aghalabu mtu hufika hospitalini wakati tezi za kinenani zimekwisha kuvimba.

Mwaka 1985, mwaka ule wa taarifa ya Luande, matabibu wa Chuo Kikuu cha New York waliweka kanuni nyepesi ya kulitambua doa la hatari: nusu zake hazilingani, kingo zake zimechongoka ovyo, rangi zake zimechanganyika, na upana wake umepita milimita 6, na baadaye ikaongezwa alama ya tano, ambayo kwa maoni yangu ndiyo kubwa kuliko zote, nayo ni kubadilika. Kanuni hiyo yafaa kwa mweusi pia, ila mweusi hana budi kuanza chini: alaze unyayo kwenye nuru, atenganishe vidole, atazame kucha kama pana mstari mweusi unaopanuka au uliomwagika mpaka kwenye ngozi ya kando. Mwenye ualbino huanzia juu, kwenye masikio, midomo, paji la uso, kisogo na migongo ya mikono, akitafuta magamba makavu yasiyobanduka, au kidonda kidogo kisichofunga kwa muda wa mwezi. Gamba likikutwa mapema huchomwa kwa baridi ya naitrojeni au hukatwa kwa ganzi kidogo, na mtu hurudi kwake siku hiyohiyo. Likiachwa mpaka lile sikio au mfupa wa shavu, safari huwa ni ya Nairobi, kwa upasuaji na miali ya tiba, pamoja na gharama zinazomlazimu mtu kuuza shamba.

Australia, nchi yenye walowezi wa asili moja na wale waliokuja Kenya na chapeo zao, ilianza mwaka 1981 kuwafundisha watoto kwa wimbo mfupi wavae shati, wapake mafuta na waweke kofia. Na leo katika shule nyingi za huko mtoto asiye na kofia haruhusiwi kucheza juani. Kwetu aliyevaa kofia bado huulizwa kwa nini. Walimu wengi wa Murang'a sasa humruhusu mwanafunzi mwenye ualbino kuivaa, nami nawashukuru; lakini ruhusa humtenga, ilhali kofia ingewekwa katika sare ya wote, naye angeivaa pamoja na wenzake pasipo mtu kumkodolea macho.

Na mafuta, ingawa hutolewa bure, hukabidhiwa katika hospitali kubwa, nazo ziko mbali na Tuthu. Mama wa Kanyenyaini hulipa nauli ya kushuka mpaka Murang'a na ya kurudi, hupoteza siku ya chai, na akikuta shehena haijafika hurudi mikono mitupu; mwezi unaofuata hufikiri mara mbili. Zahanati ziko karibu zaidi, na wahudumu wa afya wa jamii wanaijua kila nyumba yenye mtoto wa namna hiyo. Sioni sababu ya chupa hizo kutopandishwa kilimani kwa mkono wao.

Zaidi ya zahanati kuna vituo vya kununulia chai, vile vibanda vya mabati vilivyo kando ya barabara katika kila kijiji cha juu, ambako wakulima huketi wakilingoja lori la kiwanda, makapu yamepangwa, mizani imetundikwa, na maongezi yanaendelea saa nzima au mbili. Hakuna mahali pengine Kangema panapokusanyika mikono, shingo na miguu mingi namna hiyo kwa wakati mmoja, na watu wenyewe hawana la kufanya ila kungoja. Muuguzi mmoja aliyefundishwa kuitambua ngozi, akipangiwa alasiri moja kila mwezi kwa kila kituo, angewatazama wote waliovua viatu na kuinua kola. Nauli yake na posho yake ni kitu kidogo kwa kiwanda, na viwanda vina wakurugenzi waliochaguliwa na wakulima haohao, ambao huwaita kwa mkutano kila mwaka. Shauri hili laweza kupelekwa katika mkutano ujao, ili muuguzi aanze kazi kabla ya kiangazi cha Januari, mvua zitakapokuwa zimekwisha na jua limekaa wazi juu ya chai.